Tazio Nuvolari: Mtu Mfupi Aliyezishinda Mashine Kubwa

Kila baada ya miaka michache, wakuu wa mashindano makubwa ya magari duniani hukutana wakabadili sheria, kwa sababu watazamaji hunung'unika kwamba mchezo umepoa. Mwaka 2011 waliruhusu kibawa cha nyuma cha gari kifunguke katika sehemu maalumu za barabara, ili dereva aliye nyuma apate kumpita aliye mbele. Mwaka 2021 waliweka kikomo cha dola milioni 145 kwa matumizi ya kila timu kwa mwaka. Mwaka 2022 walibadili umbo la magari, ili yaweze kufuatana kwa karibu bila kutatizwa na upepo unaovurugwa na gari lililotangulia. Pamoja na hayo yote, mwaka 2023 dereva mmoja, Max Verstappen, alishinda mara 19 katika mashindano 22. Je, ni sheria ndizo zinazoupa mchezo huu ladha, au ladha hiyo hutoka kwingine?

Ndugu msomaji, swali hili si geni. Liliulizwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jibu lake lililo bora kabisa lilitolewa barabarani, kwa usukani na breki, na Mwitalia mfupi, mwembamba, ambaye sasa ni marehemu wa miaka mingi. Jina lake ni Tazio Nuvolari.

Nuvolari alizaliwa tarehe 16 Novemba 1892 katika kijiji cha Castel d'Ario, karibu na mji wa Mantova, kaskazini mwa Italia. Nyumbani kwao mbio zilikuwa jambo la kawaida, kwani baba yake na ami yake Giuseppe walikuwa waendesha baiskeli hodari, na ami huyo ndiye aliyemfundisha mtoto kuvipenda vyombo vya moto. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Italia mwaka 1915, kijana huyo aliingia jeshini akapewa kazi ya udereva. Husimuliwa kwamba alipoitia mtaroni gari ya kuchukulia majeruhi, mkubwa wake alimshauri aiache kabisa kazi ya kushika usukani, maana hakuumbiwa. Iwapo kisa hicho ni cha kweli, basi yule mkubwa alikosea hesabu kuliko wakubwa wote wa jeshi lile.

Hakuanza mashindano mapema. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 27, ameoa na ana mtoto, ndipo aliposhindana kwa pikipiki kwa mara ya kwanza. Mwaka 1925 kampuni ya Alfa Romeo ilimpa gari alijaribu katika uwanja wa Monza, naye akaanguka vibaya. Siku chache tu baadaye alirudi uwanjani hapo hapo, amefungwa bendeji mwili mzima kwa namna ya kumwezesha kukaa juu ya pikipiki, akashinda mashindano makubwa ya mataifa. Tangu siku hiyo Waitalia walianza kuamini kwamba mtu huyu hakuumbwa kwa nyama na mifupa ya kawaida.

Miaka iliyofuata ilimwinua hata kileleni. Mwaka 1930 alishinda Mille Miglia, mbio za maili elfu moja katika barabara za kawaida za Italia. Inasimuliwa kwamba karibu na mapambazuko alizima taa za gari lake ili mpinzani wake Achille Varzi asijue kuwa anafuatwa, akampita ghafla. Mwaka 1932 alishinda Monaco, Italia na Ufaransa, akatawazwa bingwa wa Ulaya. Mwaka huo huo mshairi Gabriele D'Annunzio alimzawadia kobe mdogo wa dhahabu, mnyama wa polepole kuliko wote kwa mtu wa kasi kuliko wote. Nuvolari akamfanya kobe huyo kuwa alama yake. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za kobe anayewashinda wanyama wenye miguu mirefu hatuna haja ya kuelezwa maana ya zawadi hiyo.

Lakini mchezo huo ulikuwa na gharama. Tarehe 10 Septemba 1933, katika uwanja wa Monza, madereva watatu walikufa kwa siku moja: Giuseppe Campari, Baconin Borzacchini na Stanisław Czaykowski. Borzacchini alikuwa rafiki na mwenzi wa Nuvolari katika timu. Wanaodai leo kwamba mashindano ya zamani yalisisimua zaidi kwa kuwa yalikuwa ya hatari, yafaa wakumbuke siku hiyo. Msisimko unaonunuliwa kwa maiti si msisimko, ni msiba wenye tiketi mlangoni.

Tukija sasa kwenye sheria: kuanzia mwaka 1934 iliamriwa kwamba gari la mashindano makubwa, likiwa halina mafuta, maji, matairi wala dereva, lisizidi uzito wa kilo 750. Nia ya amri hiyo ilikuwa kupunguza kasi, kwani walioitunga waliamini kwamba gari jepesi halitaweza kubeba injini kubwa. Ikawa kinyume. Serikali ya Hitler ilizipa kampuni za Mercedes-Benz na Auto Union ruzuku, wahandisi wao wakatumia madini mepesi, na kabla sheria ile haijaisha mwaka 1937 Mercedes ilikuwa na gari lenye nguvu za farasi zipatazo 600. Sheria iliyotungwa ili kupunguza mwendo ikazaa magari ya kutisha kuliko yote yaliyoitangulia. Isitoshe, ushindi ukawa mali ya mwenye hazina kubwa. Mbio zikapoteza mashaka, na mbio zisizo na mashaka hakuna haja ya kuzitazama.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika tarehe 28 Julai 1935, siku ya mashindano ya Ujerumani katika barabara ya Nürburgring. Barabara hiyo ilizunguka milimani kwa karibu kilomita 23, ikapanda na kushuka, ikiwa na kona nyingi ambazo dereva hakuweza kuona mwisho wake, na madereva walitakiwa kuizunguka mara 22. Wajerumani walileta magari tisa, Mercedes tano na Auto Union nne. Nuvolari, mwenye umri wa miaka 42, alikuja na Alfa Romeo ya mtindo uliokwisha kuzeeka, yenye nguvu za farasi 265 au karibu na hapo, hali magari ya wenyeji yalipita 350. Ukipima kwa karatasi, Mwitalia huyo alikuwa amekuja kukamilisha idadi.

Barabara ilikuwa na unyevu asubuhi hiyo. Nuvolari hakujaribu kushindana na Wajerumani mahali paliponyooka, kwa sababu huko nguvu ndiyo iliyotawala. Aliwatafuta kwenye kona. Badala ya kupunguza mwendo sana kisha kukata kona kwa utaratibu, aliliacha gari liteleze kwa magurudumu yote manne, akilielekeza kwa mguu wa mafuta kama kwa usukani, likatoka konani limekwisha elekea kule anakotaka kwenda. Alimpita mmoja, akampita mwingine, na kabla ya nusu ya safari alikuwa anaongoza.

Kisha likatokea lile ambalo kila dereva wa msafara wa jeshi analijua. Aliposimama kujaza petroli, pampu iliharibika. Mafundi wakalazimika kumimina mafuta kwa mikono. Wajerumani walitumia muda mfupi kuliko yeye, naye akakaa dakika mbili na sekunde 14, akatoka akiwa wa sita. Dereva mwingine angaliweza kusema kazi imekwisha, na hakuna ambaye angalimlaumu. Nuvolari alirudi barabarani akaanza upya, gari kwa gari, kona kwa kona, hata akafika nafasi ya pili.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, Manfred von Brauchitsch wa Mercedes alikuwa mbele yake kwa kiasi cha nusu dakika. Lakini kwa kuwa alikimbizwa mno, Mjerumani huyo alikuwa ameyachosha matairi yake, na kilomita chache kabla ya mwisho tairi la nyuma likapasuka. Nuvolari akapita. Watazamaji wapatao laki tatu, wakiwamo wakuu wa serikali waliokuja kushangilia ushindi wa taifa lao, waliona gari jekundu la Italia likivuka mstari peke yake. Nyuma yake yalifuata magari ya Kijerumani katika nafasi zote nane zilizofuata.

Wapo watakaosema kwamba alipata bahati ya tairi. Lakini tairi hilo halikupasuka lenyewe. Lilipasuka kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma aliyekataa kukubali hesabu ya nguvu za farasi, akamlazimisha mwenye nguvu kutumia akiba yake yote. Askari anayejua vita atalifahamu jambo hili upesi.

Hata hivyo, tusidanganywe na uzuri wa kisa hiki. Kama siku ile ingalikuwa kanuni, tungesema kwamba sheria hazina kazi, na kwamba dereva hodari atashinda kwa gari lolote. Haikuwa kanuni. Katika miaka hiyo Wajerumani walishinda karibu kila mashindano makubwa, na Nuvolari mwenyewe, pamoja na ushujaa wake wote, alichoka. Mwanzoni mwa mwaka 1938 gari lake la Alfa Romeo liliwaka moto mjini Pau wakati wa mazoezi, akaiacha timu. Januari mwaka huo Auto Union ilikuwa imempoteza dereva wake bora, Bernd Rosemeyer, aliyekufa akitafuta rekodi ya mwendo. Nuvolari akakubali kuchukua nafasi, naye akashinda Italia na Donington, Uingereza, mwaka huo huo. Fundi hodari alihitaji chombo kinachofanana na ufundi wake. Ushindi wake wa mwisho kwa Auto Union aliupata mjini Belgrade tarehe 3 Septemba 1939, siku ile ile Uingereza na Ufaransa zilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Vita ilipokwisha alikuwa mzee kwa kazi hiyo, mgonjwa wa mapafu, na amefiwa. Mwanawe Giorgio alikuwa amefariki mwaka 1937, na Alberto akamfuata mwaka 1946, wote wawili wakiwa vijana wa miaka 18. Baba huyo aliendelea kuendesha, kana kwamba barabara ndiyo iliyosalia kuwa nyumba yake. Mwaka 1946, katika mashindano ya Torino, usukani ulichomoka. Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, lakini chombo cha Nuvolari hakikuzama. Alikuja akipita mbele ya watu ameunyanyua usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameishika nguzo yake. Mwaka 1948, akiwa na miaka 55, aliongoza Mille Miglia kwa Ferrari iliyokuwa ikimwaga viungo vyake njiani, kifuniko cha injini kimekwenda, kiti kimelegea, mpaka gari likashindwa kabla yake.

Mara yake ya mwisho kushindana ilikuwa tarehe 10 Aprili 1950, katika kupanda mlima wa Pellegrino huko Palermo. Mwezi mmoja baadaye, huko Silverstone, Uingereza, ulianza ubingwa wa dunia wa Formula 1, ambao yeye hakupata kuuendesha hata mara moja. Alifariki tarehe 11 Agosti 1953 mjini Mantova, akazikwa na mavazi yake ya mashindano, na maelfu ya watu wakamsindikiza.

Basi, je, mashindano makubwa ya magari yahitaji mabadiliko? Naam, lakini maisha ya Nuvolari yanatuonyesha ni mabadiliko ya namna gani. Sheria ya kilo 750 ilishindwa kwa sababu ilipima chuma ikasahau fedha. Kwa hiyo kikomo cha matumizi kilichowekwa mwaka 2021 kinaelekea palipo na ugonjwa, ingawa dawa yake haitafanya kazi kwa siku moja. Kibawa kilichokuwa kikifunguka, kwa upande mwingine, kilimsaidia wa nyuma kumpita wa mbele mahali paliponyooka kwa nguvu za mashine, na mtazamaji aliona gari limepitwa bila kuona mtu ameshindwa. Kinachohitajika ni barabara zenye kona za kumjaribu dereva, magari yanayoitii mikono yake kuliko yanavyoitii mitambo, na pengo kati ya tajiri na maskini liwe jembamba kiasi kwamba uhodari uweze kulivuka. Usalama wa maisha usiguswe kamwe kwa kisingizio cha burudani.

Wengi wetu tulio kazini katika majeshi na polisi hatutashika usukani wa gari la Formula 1. Lakini askari anayeendesha lori kuukuu katika njia ya matope, akiwa na mzigo wa watu nyuma yake, anaijua kona na anaijua pampu iliyoharibika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nasi hatuzisifu kasi za majigambo. Tunalolisifu kwa Nuvolari ni lile alilolitenda baada ya zile dakika mbili na sekunde 14, alipoliwasha tena gari lake la zamani akarudi barabarani kuanza upya kutoka nafasi ya sita.