Bibi Caroline Thackeray, Mwalimu wa Mbweni

Katika watu waliotumika katika Dayosisi ya Unguja, ambayo kwa miaka mingi iliuchunga pia mji wa Dar es Salaam na vijiji vya kandokando yake, yatupasa kumkumbuka Bibi Caroline Thackeray.

Alizaliwa mwaka 1843 huko Uingereza, katika ukoo mmoja na mtungaji wa hadithi William Makepeace Thackeray. Mwaka 1877 alifika Unguja, akapewa kuangalia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria huko Mbweni, kusini ya mji. Shamba lile Misheni ilikuwa imelinunua mwaka 1871, ili watumwa waliokombolewa wapate mahali pa kukaa.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Seyyid Barghash, lakini biashara yenyewe haikukoma siku ile. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini, na miongoni mwa waliotolewa humo walikuwamo watoto wengi. Mtu mzima aliweza kupewa kiwanja, akajenga, akalima. Bali msichana mdogo, asiye na baba wala mjomba wa kumsemea, na pengine asiyelikumbuka hata jina la kijiji chao, uhuru wake ungemfaa nini? Akiachwa peke yake aliweza kuibwa tena. Hata sheria ilikawia kumfikia mwanamke: amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja haikuwahusu masuria, nao wakangoja mpaka mwaka 1909.

Basi Bibi Thackeray aliona ya kuwa chakula na nguo havitoshi. Sharti kila msichana apate kazi ya kumtegemeza. Wenye kuelekea elimu walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, kisha ualimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono, wakajifunza kushona, kufua na kupika. Hivyo asiyeweza kitabu naye hakukosa fungu lake.

Katika walimu waliotoka Mbweni alikuwapo Lucy Magombeani, aliyeolewa na Cecil Majaliwa. Mwaka 1886 walikwenda Chitangali, upande wa Ruvuma, na mwaka 1890 mumewe akapewa daraja ya ukasisi, Mwafrika wa kwanza kuipata katika Misheni hiyo. Na wasichana wengine vilevile walivuka kwenda bara pamoja na waume zao. Ikawa elimu waliyopewa watoto wasio na kwao ikawafikia hata watu wenye kwao.

Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, alipoondoka Unguja, Bibi Thackeray aliinunua nyumba yake ya Mbweni. Mwaka 1902 aliiacha kazi ya shule, baada ya miaka 25. Wazungu wengi walipochoka walirudi Ulaya. Yeye alikaa papo hapo Mbweni, karibu na wale aliowalea, mpaka alipofariki mwaka 1926. Akazikwa kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana.

Shule yake imekuwa magofu. Lakini ninyi walimu mnaopokea yatima na wajane vijana huko Kinondoni na Temeke mnalijua swali lililomshughulisha: siku mtoto huyu atakapotoka mlangoni mwetu, atakwenda na nini mkononi mwake?