Mtakatifu Vincent de Paul na Watoto wa Mashamba

Wakristu wengi walijua jina la Mtakatifu Vincent de Paul, na sanamu yake wameiona: padre mzee amempakata mtoto mchanga. Lakini sanamu haisemi jinsi kazi ile ilivyoanza, wala haionyeshi ya kwamba sehemu kubwa ya taabu yake ilikuwa kuwapangia watu wema zamu. Habari hiyo ndiyo tupendayo kuisimulia.

Alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini ya Ufaransa, mwana wa wakulima, akachunga kondoo na nguruwe wa baba yake. Baba alipoona kijana ana akili, alijinyima ili amsomeshe. Siku moja mzee akaenda kumtazama shuleni mjini Dax, naye alikuwa na nguo duni na mguu wa kuchechemea. Vincent akaona haya, akakataa kuonana naye. Neno hili alilisimulia mwenyewe uzeeni, asijifiche. Akapewa upadre mwaka 1600, na kwa miaka mingi alitafuta cheo chenye mapato mema apate kuwatunza jamaa zake. Basi mtu huyu hakuzaliwa mtakatifu.

Mwaka 1617 alikuwa padre wa parokia ya Châtillon-les-Dombes. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliletewa habari ya kwamba katika nyumba moja iliyo mbali kidogo na mji watu wote ni wagonjwa, hata hakuna wa kuwatekea maji wenzake. Akawahubiri watu, mioyo yao ikaguswa. Alasiri akashika njia kwenda kuwatazama, akakuta wanawake wengi njiani, wengine wakienda, wengine wakirudi, wengine wameketi kivulini kwa ajili ya jua kali. Kila mmoja alikuwa amechukua chakula. Padre mwingine angalifurahi na kurudi nyumbani. Yeye alifurahi, lakini akatambua ya kwamba leo wagonjwa wale wana chakula kupita kiasi, nacho kitaharibika, na kesho watalala njaa tena. Mapendo yalikuwapo, taratibu haikuwapo.

Siku chache baadaye akawakutanisha wanawake kadha, wakaanza kupeana zamu, kila mmoja siku yake, na tarehe 8 Desemba mwaka uleule chama chao kikasimikwa rasmi. Kanuni aliyowaandikia yastahili kusomwa na kila mwalimu. Yataja mkate, mchuzi, nyama na divai kidogo. Yaeleza jinsi ya kumwamkia mgonjwa kwa uchangamfu, kumtandikia kitambaa, kumnawisha mikono, kumkatia nyama na kumbembeleza ale. Tena yaagiza ya kwamba mwenye zamu aanze kwa wagonjwa walio na jamaa, awamalizie walio peke yao, ili apate kukaa nao kitambo. Sisi twaona ya kuwa katika agizo hili dogo mna hekima nyingi.

Vyama hivyo vikaenea vijijini. Tangu mwaka 1629 mjane mmoja, Louise de Marillac, alivizungukia akivikagua. Tena aliwakusanya wasichana na kuwafundisha dini, na mahali palipokosa mwalimu akamtafuta. Msaidizi wa kwanza wa kazi hii alikuwa Marguerite Naseau, mchungaji wa ng'ombe wa Suresnes. Hakupelekwa shule. Alinunua kitabu cha alfabeti, na huko malishoni akawauliza wapita njia herufi hii ni ipi na neno hili ni lipi. Kisha akaenda kijiji kwa kijiji akiwafundisha watoto, pengine bila mkate. Alikufa kwa tauni mwaka 1633, baada ya kumlaza kitandani mwake msichana aliyeugua tauni. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Louise akawakusanya wasichana wa kwanza wa Shirika la Mabinti wa Mapendo, wengi wao watoto wa wakulima.

Mwaka 1638 walianza kuwapokea baadhi ya watoto wachanga waliotupwa mjini Paris. Wengi walipelekwa kwa wanawake wa mashamba wapate kunyonyeshwa, na masista wakawafuata huko kuona kama watunzwa. Gharama ikazidi, vita ikaleta ufukara, na kama mwaka 1647 mabibi wenye mali waliokuwa wakilipa wakachoka, wakafikiri kuiacha kazi. Vincent akawaita. Hakuwakemea, aliwaonyesha ya kwamba wamekwisha kuwa mama wa watoto hao, na sasa wamekuwa waamuzi wao: wakiendelea, watoto wataishi, wakiwaacha, watakufa. Wakaendelea.

Vita ilipoharibu vijiji vya Picardie na Champagne, alituma mchuzi kwa wenye njaa, lakini hakukoma hapo. Aliagiza wenye nguvu wapewe mbegu na vyombo vya kazi, na wanawake na wasichana wapewe vyombo vya kusokotea nyuzi, wapate kujilisha wenyewe. Wakati huo alikuwa amepita miaka sabini, na miguu yake ilikuwa na vidonda.

Akafa alfajiri ya tarehe 27 Septemba 1660, ameketi kitini, amevaa nguo zake.