William John Little, daktari aliyechechemea

Kinsevere, kaskazini ya Lubumbashi, inajulikana kwa shaba. Mimi naijua kwa sababu ya mtoto mmoja wa ukoo wetu. Anatembea kwa vidole vya miguu, na sauti yake ni nyembamba, inakwisha kabla ya neno kwisha. Siku moja alirudi analia, akasema amepigwa. Alisema: nilipigwa. Sisi tukasikia: nilipiga. Akaadhibiwa. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba silabi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha mtenda na mtendwa, wala hata mimi ninayesomea isimu.

Hospitalini hapa Lubumbashi hali yake huitwa kwa kifupi cha Kifaransa, IMC. Ndugu zetu wa Tanzania husema mtindio wa ubongo. Zamani iliitwa ugonjwa wa Little, na huyo Little ndiye ninayetaka kumsimulia.

William John Little alizaliwa London tarehe 7 Agosti 1810, katika nyumba ya wageni ya wazazi wake mtaani Aldgate. Utotoni alipata polio, mguu wa kushoto ukapinda, akabaki kuchechemea. Alipelekwa kusoma Saint-Omer, Ufaransa, na huko akashinda tuzo ya insha ya Kifaransa, yeye Mwingereza. (Wenzangu mnaoogopa insha za Kifaransa, mjipe moyo.) Kisha akageukia udaktari, na naamini aliuingia akiutazama mguu wake mwenyewe.

Madaktari wa Uingereza hawakuwa na dawa ya mguu ule. Kukata kano ya kisigino kuliogopwa, kwani kidonda kilioza na mgonjwa angeweza kufa. Little akasikia kwamba huko Hanover daktari Stromeyer anapitisha kisu chembamba kwenye tundu dogo la ngozi na kukata kano chini kwa chini, kidonda kisipate hewa, halafu mguu unanyoshwa polepole kwa chombo. Mwaka 1836 akajitoa afanyiwe yeye. Mguu ukanyoka. Akaenda Berlin kumwonyesha daktari mashuhuri Dieffenbach, na mwaka 1837 akapata shahada yake huko kwa tasnifu ya Kilatini kuhusu mguu uliopinda. Alirudi London akaanza kuwafanyia wengine. Mwaka 1840 hospitali aliyoianzisha kwa ajili ya viungo vilivyopinda ilikuwa imeshapata makao Bloomsbury.

Lakini wakaja watoto ambao ugonjwa wao haukuwa wa mguu. Miguu yote miwili imekakamaa, mapaja yanabanana, wengine mate yanawatoka na maneno hayatoki vizuri. Little akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko upasuaji wake wote: aliwauliza mama zao mtoto alizaliwaje. Majibu yakafanana. Huyu alizaliwa kabla ya wakati, yule uchungu ulichukua muda mrefu mno, mwingine hakulia wala hakupumua upesi.

Tarehe 2 Oktoba 1861 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha London na orodha ya watoto 47. Alidai kwamba ubongo unaweza kuumia wakati wa kuzaliwa, na alama ikabaki mwilini maisha yote. Wengi walishikilia kwamba mtoto aliyekosa hewa ama hufa ama hupona kabisa. Alipotafuta mfano katika maandishi ya zamani, aliupata kwa Shakespeare: mfalme Richard wa Tatu, aliyezaliwa kabla ya wakati na mwili uliopinda. Mwaka 1897 Freud, kabla hajajulikana kwa ndoto, alimpinga kwa sehemu, akisema huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya tatizo lililoanza tumboni.

Little aliandika pia kwamba akili ya baadhi ya watoto hao ilikuwa nzima, ila ya walio wengi ilikuwa na kasoro. Hapo simfuati moja kwa moja. Asiyeweza kujibu kwa kinywa alipimwaje akili? Mtoto wetu, nilipogeuza kwa makusudi hadithi ya sungura na fisi, alitikisa kichwa mpaka nikairekebisha. Sarufi anayo. Misuli ya pumzi, koo na ulimi ndiyo haimtii.

Kwa miguu Little alikuwa na kisu. Kwa vinywa hakuwa na kitu. Mwaka 1841 Dieffenbach alijaribu kukata ulimi ili kuponya kigugumizi. Njia hiyo iliumiza watu na ikaachwa. Little mwenyewe uzeeni alipungukiwa na masikio, akastaafu, akafa Kent mwaka 1894.

Msaada wa sauti ulikuja karibu miaka mia baadaye, na bila kisu. Huko Marekani Lorraine Ramig na wenzake, kuanzia miaka ya 1980, waliwafundisha wagonjwa wa Parkinson jambo moja tu: toa sauti kubwa. Saa moja kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 4. Kwa kutafuta sauti kubwa, pumzi huongezeka na kinywa hufunguka. Mwaka 2012 Cynthia Fox na Carol Boliek walichapisha matokeo ya njia hiyo kwa watoto wachache wenye ugonjwa wa Little. Wasikilizaji walipendelea usemi wa baada ya mazoezi, ingawa vipimo vya sauti havikubadilika sawasawa kwa kila mtoto.

Njia hiyo ilijaribiwa kwa Kiingereza. Kwetu, neno likikatika mwisho linaondoka na kiambishi cha kutendwa. Mimi si mtabibu na sidai kumtibu mtoto. Ila nikienda Kinsevere siku hizi, akiniambia jambo, namrudishia maneno yote mawili, nilipiga, nilipigwa, naye ananionyesha kwa kidole ni lipi.