John Howard, mtu aliyeuliza nani anamlipa mkuu wa gereza

Katika gereza kuu la Bunia, kama katika magereza mengi ya Kongo, wafungwa wanapita kwa mbali idadi iliyokusudiwa lilipojengwa. Wengi wao bado hawajahukumiwa, na familia ndizo zinazobeba chakula hadi mlangoni. Miaka 250 iliyopita mambo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida Uingereza. Aliyeyaweka wazi hakuwa hakimu wala mbunge. Alikuwa mwenye mashamba aitwaye John Howard.

Howard alizaliwa London mwaka 1726. Baba yake, mfanyabiashara wa mazulia na vitambaa vya samani, alifariki mwaka 1742 na kumwachia mali ya kutosha kuishi bila kutafuta kazi. Alikuwa mtu wa dini sana, mwenye afya dhaifu, asiyekunywa pombe na asiyependa anasa.

Mwenyewe aonja jela

Baada ya tetemeko la ardhi lililobomoa Lisbon mwaka 1755, Howard alipanda meli kwenda Ureno. Wafaransa waliiteka meli hiyo baharini. Yeye na wenzake walifungwa katika shimo la ngome ya Brest, wakalala juu ya majani makavu kwa siku kadhaa, njaa na kiu vikiwasumbua. Aliachiliwa kwa kubadilishana na ofisa wa Kifaransa. Alipofika kwao hakunyamaza: alikwenda kwa wakubwa wa London kuwatetea mabaharia aliowaacha nyuma.

Kisha akatulia kijijini Cardington, katika kaunti ya Bedford. Mwaka 1758 alimwoa Henrietta Leeds, mke wake wa pili. Pamoja waliwajengea wapangaji wao nyumba bora na kufungulia watoto shule. Henrietta alifariki mwaka 1765, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume.

Sherifu aingia gerezani

Mwaka 1773 Howard aliteuliwa kuwa sherifu mkuu wa kaunti yake. Kwa sheria, gereza la kaunti lilikuwa chini ya sherifu, lakini desturi ilikuwa kuwaachia wadogo kazi hiyo. Howard alikwenda mwenyewe kuangalia.

Jambo lililomshtua zaidi katika gereza la Bedford lilikuwa la hesabu. Mkuu wa gereza hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada alizowatoza wafungwa. Hata mtu ambaye mahakama ilimkuta hana kosa, au ambaye mshitaki wake hakutokea, alirudishwa ndani mpaka alipe shilingi 15 na peni 4 kwa mkuu wa gereza, na shilingi 2 kwa mshika funguo. Kwa kibarua wa shamba, hizo zilikuwa pesa za zaidi ya wiki mbili za kazi. Maskini asiye na hatia alibaki kifungoni kwa sababu moja tu: hana kitu mfukoni.

Howard aliwaomba mahakimu wa kaunti wampe mkuu wa gereza mshahara wa umma, ili ada ziishe. Walimtaka aonyeshe kwanza kaunti nyingine inayofanya hivyo. Akapanda farasi kwenda kuitafuta katika kaunti za jirani. Hakuipata. Kila alikofika alikuta ada zilezile, na mengine mabaya zaidi: vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha, mahali bila maji, wenye madeni wakichanganywa na wezi, na homa ya jela iliyoenezwa na chawa. Kwa hesabu zake, homa hiyo iliua wafungwa wengi kuliko kamba ya mnyongaji.

Sheria mbili, na kazi iliyobaki

Machi 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na Bunge likamshukuru rasmi. Mwaka huohuo zilipitishwa sheria mbili. Ya kwanza iliamuru asiye na hatia aachiliwe palepale mahakamani bila kulipa, na kaunti ibebe gharama. Ya pili iliamuru kuta zipakwe chokaa kila mwaka, vyumba vipate hewa, wagonjwa watengwe na kila gereza liwe na daktari wake.

Howard alichapisha sheria hizo kwa pesa yake mwenyewe na kuzituma kwa wakuu wa magereza ya kaunti. Kisha akafanya kilicho kigumu zaidi: alirudi kuona kama zinafuatwa. Mahali pengi hazikufuatwa.

Alipima vyumba, akapima uzito wa mkate, akahesabu watu, akaandika kila kitu. Nguo zake zilinuka jela kiasi kwamba aliona heri asafiri juu ya farasi kuliko kukaa ndani ya gari lililofungwa. Kitabu chake kuhusu hali ya magereza ya Uingereza na Wales kilitoka mwaka 1777. Kwa jumla alisafiri kilomita zaidi ya 67,000 Ulaya nzima na kutumia takriban pauni 30,000 za mali yake.

Huko Ghent, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alikuta gereza safi ambamo wafungwa walifanya kazi ya kufuma. Alilisifu sana. Aliporudi mwaka 1783 kazi ile ilikuwa imefutwa na gereza limeharibika. Jengo lilikuwa lilelile. Uongozi ndio uliobadilika.

Hakuwa mtu bila lawama. Alikuwa mbali na nyumbani miaka mingi, na mwanawe wa pekee aliishia katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Tena, ushauri wake kwamba kila mfungwa alale katika chumba chake ulikuja kutiwa chumvi na waliomfuata, wakawafungia watu peke yao usiku na mchana, na wengine wakarukwa na akili.

Howard alifariki tarehe 20 Januari 1790 karibu na Kherson, Ukraine ya leo, alikokuwa akitembelea hospitali za askari. Homa aliyopigana nayo ndiyo inayodhaniwa kumwua. Aliomba kaburi lake lisijengewe mnara.

Swali lake limefika Ituri

Mwaka 1955 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, na tangu 2015 zinaitwa Kanuni za Mandela. Kongo nayo ilijiwekea agizo namba 344 la tarehe 17 Septemba 1965 kuhusu magereza, na mahakimu wa parke wana kazi ya kukagua magereza na kasho. Kwa hiyo karatasi hazikosekani.

Kinachobaki ni kile alichokiona Howard huko Bedford. Mlinzi asiyelipwa ataishi kwa jasho la mfungwa. Chakula kisichowekwa katika bajeti kitatoka kwenye sufuria ya mama wa mfungwa, na asiye na mama karibu atalala njaa. Na sheria isiyokaguliwa kwa miguu na kwa macho hubaki imetundikwa ukutani, huku mwenye haki ya kutoka akiendelea kungoja mlango ufunguliwe.