Mtakatifu Fransisko wa Sales: Kijana Aliyedhani Mungu Amekwisha Kumtupa

Kila mwaka, tarehe 24 Januari, Mama Kanisa anafanya kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wetu tunamfahamu kama msimamizi wa waandishi wa habari. Wengine tunamfahamu kwa njia ya Wasalesiani wa Mtakatifu Yohane Bosco, wanaofanya utume kati ya vijana hata katika nchi zetu, na ambao jina lao linatokana na jina lake. Ni wachache wanaojua kwamba mtakatifu huyu mpole, akiwa na umri wa miaka 19, aliugua hadi kukaribia kufa kwa sababu aliamini kwamba Mungu alikwisha kumhukumu adhabu ya milele kabla hajazaliwa. Tunapenda kuyatazama maisha yake kwa kuanzia katika hofu hiyo, kwa maana swali lililomtesa lingali linawatesa waamini wengi: ikiwa Mungu anajua yote na kuyapanga yote, mwanadamu amebakiwa na wajibu gani?

Fransisko alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika ngome ya Sales, karibu na Thorens, katika utawala wa Savoy ambao sehemu yake hiyo leo ni Ufaransa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa familia ya kikabaila, na baba yake alitamani awe mwanasheria na mtu mkubwa serikalini. Nchi ile ilikuwa na jeraha la mfarakano. Mji wa Geneva, uliokuwa makao ya askofu wa jimbo, ulikuwa umeupokea Uprotestanti, na askofu alilazimika kuishi Annecy. Huko Geneva ndiko alikofundisha Jean Calvin hadi kifo chake mwaka 1564. Kati ya mafundisho yake mengi, Calvin alifundisha kwamba Mungu, kwa uamuzi wake wa tangu milele, amewaweka watu wengine kwa ajili ya uzima na wengine kwa ajili ya upotevu.

Baba yake alimpeleka Paris, akasoma katika chuo cha Clermont cha Wajesuiti. Mjini Paris wanafunzi na walimu walijadiliana kwa ukali juu ya uteule wa Mungu, na si Waprotestanti peke yao. Hata Wakatoliki walipingana juu ya namna ya kuwaelewa Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Kwa wengi yale yalikuwa mabishano ya darasani. Kwa Fransisko yaligeuka kuwa kesi yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1586 alianza kujiuliza kama naye yumo kati ya wateule, na kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kusadiki kwamba hayumo. Kwa muda wa wiki sita hivi hakula vizuri wala kulala, mwili ukadhoofika, rangi yake ikawa ya manjano. Waliomtunza walihofia uhai wake.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana namna alivyotoka katika giza hilo ni ya ajabu. Hakupata kwanza jibu la kitaalimungu. Aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mama Bikira Maria, na akamwambia Mungu kwamba hata kama hatajaliwa kumpenda katika maisha yajayo, basi angalau ampende kwa nguvu zake zote katika maisha haya. Kisha akasali ile sala ya kumkumbusha Bikira Maria kwamba hajasikika bado aliyemkimbilia akaachwa. Aliposimama, hofu ilikuwa imemwondoka. Tuone vema alichokifanya: aliacha kupeleleza siri ambayo haikuwa mkononi mwake, akaushika wajibu uliokuwa mkononi mwake, yaani kumpenda Mungu leo.

Akili yake nayo ilidai jibu. Alipokuwa Padua, alikopata udaktari wa sheria mwaka 1591, alisoma pia taalimungu chini ya uongozi wa kiroho wa Padre Antonio Possevino, Mjesuiti. Aliyasoma upya maandiko ya Agostino na Thoma, na kwa unyenyekevu mkubwa, kama mwanafunzi aliyepiga magoti miguuni pa walimu wake, akaamua kwamba katika jambo hili ataifuata rai nyingine: kwamba Mungu anataka kweli watu wote waokoke (rej. 1Tim 2:4), na kwamba katika kuwaandalia wateule utukufu ameona tangu milele jinsi watakavyoipokea neema yake. Rai hiyo aliishika hadi mwisho wa maisha yake.

Alipewa daraja ya upadre tarehe 18 Desemba 1593, na mwaka uliofuata akaenda Chablais, ambako karibu watu wote walikuwa wameliacha Kanisa Katoliki. Mwanzoni waliokuja kumsikiliza walihesabika kwa vidole. Basi akaandika mafundisho yake kwenye karatasi na kuyapenyeza chini ya milango ya nyumba. Kwa sababu hiyo Papa Pio XI alimtangaza msimamizi wa waandishi mwaka 1923. Baada ya miaka minne, watu wengi walikuwa wamerudi. Historia haifichi kwamba mamlaka ya mtawala wa Savoy nayo ilichangia, lakini silaha ya Fransisko mwenyewe ilikuwa uvumilivu na neno jema. Aliyeamini kwamba hakuna mtu aliyeumbwa ili apotee hakuweza kumkatia tamaa hata mmoja.

Mwaka 1602 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Geneva, akiishi Annecy. Wakati huo Wadominikani na Wajesuiti walikuwa katika mabishano makali juu ya neema na hiari, na inasimuliwa kwamba Papa Paulo V alimwomba ushauri. Mwaka 1607 Papa aliyafunga mabishano bila kuilaani rai ya upande wowote, akikataza mmoja kumwita mwenzake mzushi. Mwaka 1610, pamoja na Mtakatifu Yohana Fransiska wa Chantal, Fransisko alianzisha Shirika la Masista wa Maamkio. Mwaka 1616 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya upendo wa Mungu.

Katika kitabu hicho anatumia mfano wa ndege jamii ya mbayuwayu, wenye miguu mifupi na dhaifu. Wakianguka chini hawawezi kujiinua, wanabaki pale pale hadi upepo uvume. Upepo ukija, wakikunjua mabawa unawainua na kuwarusha. Wasipoyakunjua, unapita. Ndivyo ilivyo neema. Hatuwezi kuivumisha sisi, na bila hiyo tunabaki mavumbini. Lakini ikivuma haituburuti kwa nguvu, inangoja mabawa yetu. Mafundisho hayo yanaafikiana na yale ya Mtaguso wa Trento, kwamba neema hutangulia, na mwanadamu aliyeguswa nayo anaweza kuikubali au kuikataa. Ndiyo maana aokokaye hana cha kujivunia, na apoteaye hana wa kumlaumu.

Fransisko alifariki dunia mjini Lyon tarehe 28 Desemba 1622, akiwa na umri wa miaka 55, katika chumba cha mtunza bustani wa monasteri ya masista wake. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1665, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1877.

Tunajifunza nini? Sisi tunaohudumu parokiani husikia mara nyingi misibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Usemi huo ni wa imani ukitamkwa kwa kumtumainia Mungu. Lakini pale dereva mlevi anapoua abiria, au mama mjamzito anapocheleweshwa nyumbani hadi anapoteza maisha, tukitumia usemi huo kufunika uzembe wetu tunamsingizia Mungu. Mungu huruhusu uovu na anaweza kutoa wema ndani yake, lakini hautaki wala hautendi.

Kwa upande mwingine wapo ndugu zetu walioacha kitubio na Ekaristi kwa kuwa wamejisemea kwamba ndivyo walivyoandikiwa. Kwao kijana wa Paris ana ujumbe. Kanisa linafundisha kwamba Mungu hakumpangia mtu yeyote jehanamu. Afikaye huko amemwacha Mungu kwa hiari yake na kudumu hivyo hadi mwisho. Tusilitafute jina letu katika kitabu ambacho hatujafunguliwa. Tuitafute njia ya kwenda kwa padre Jumamosi hii, tupatane na jirani, tumpende Mungu leo. Upepo unavuma, tukunjue mabawa.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.