Anuarite Nengapeta: Mtawa Aliyekataa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Methali hii yafaa kutangulizwa katika makala yanayomhusu mtu ambaye jina lake hutajwa mara nyingi kuliko maisha yake. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni, Makadara na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, waumini wa Kanisa Katoliki hukutana nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Husoma Neno, huchanga kidogo walicho nacho, na huwazuru wagonjwa na waliofiwa. Kila jumuiya huwa na somo wake, yaani mtakatifu au mwenye heri ambaye wanajumuiya hulibeba jina lake. Miongoni mwa majina kama Petro, Monika, Yuda Tadei na Karoli Lwanga, husikika pia jina la Anuarite.

Walio wengi hujua kwamba mwenye jina hilo alikuwa mtawa wa Kongo na kwamba aliuawa kwa sababu alikataa kunajisiwa. Yaliyoutangulia usiku wa kifo chake, na yaliyoufuata, hayajulikani sana. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa ukamilifu kiasi. Hoja inayojengwa ni kwamba kukataa kwake hakukuzuka ghafla mbele ya bunduki. Kulikuwa ni tabia iliyolelewa tangu utotoni, ya mwanamke aliyeamini kwamba uamuzi kuhusu maisha yake ulikuwa wake. Kumtazama kama mhanga tu, basi, ni kumpunja.

Nasaba na Majina

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa nchi iliyokuwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude, wote wa kabila la Wabudu. Alikuwa binti wa nne kati ya mabinti sita. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Nengapeta, ambalo kwa Kibudu huashiria kwamba utajiri hulaghai. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akapewa jina la Alphonsine.

Jina la Anuarite lilimjia kwa makosa. Alipopelekwa kuandikishwa shuleni, mtawa wa kigeni aliyekuwa akiandika majina alimwandika kwa jina la dada yake mkubwa. Kosa hilo halikusahihishwa. Jina hilo hufasiriwa kuwa ni la mtu anayeicheka vita. Ukoloni ulikuwa na mazoea ya kuwabandika Waafrika majina kwa uzembe wa karani, na wengi waliyabeba majina hayo hadi kaburini bila kuulizwa. Ajabu ya mtoto huyu ni kwamba jina la kukosewa na jina la kuzaliwa nalo yalikuja kuafikiana na maisha yake yote mawili: alikataa kulaghaiwa na mali, na vita vilipomfikia havikumtawala.

Nyumba aliyolelewa haikuwa na utulivu. Amisi alitamani mtoto wa kiume. Kwa vile Isude alimzalia mabinti watupu, alimwacha na kuoa mke mwingine. Nengapeta alikua akishuhudia jinsi thamani ya mwanamke ilivyoweza kupimwa kwa jinsia ya watoto aliowazaa. Hata hivyo, hakumwekea baba yake kinyongo. Sifa hii ya kusamehe inastahili kukumbukwa, kwani itajitokeza tena mwishoni mwa maisha yake.

Kuingia Utawani

Huko Bafwabaka kulikuwa na nyumba ya watawa wazalendo wa shirika linalojulikana kwa jina la Kiswahili la Jamaa Takatifu. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya wasichana Waafrika. Anuarite alitamani kujiunga nalo angali mdogo, lakini mama yake hakuridhia. Siku moja lori lilifika kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kuanza malezi ya kitawa. Anuarite alipanda pamoja nao bila kumwarifu mama yake. Isude alipopata habari, binti alikuwa ameshafika Bafwabaka. Huko kulikuwa kukataa kwake kwa kwanza kunakojulikana, na aliyekataliwa alikuwa mama mzazi aliyempenda.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza na kuchukua jina la kitawa la Marie-Clémentine. Wazazi wake wote wawili walihudhuria sherehe hiyo na kutoa mbuzi wawili. Baadaye mama yake, akiwa amelemewa na ugumu wa maisha, alitaka binti arudi nyumbani asaidie. Ombi hilo halikuwa dogo, kwani katika jamii nyingi za Kiafrika mtoto ni mkongojo wa mzazi. Anuarite alibaki utawani.

Kazi zake huko Bafwabaka zilikuwa za kawaida. Alifundisha katika shule ya msingi, alisaidia jikoni na aliitunza sakristia. Hakuwa mkuu wa nyumba wala msomi wa kutajika. Lau vita visingezuka, yamkini angezeeka huko akiwafundisha watoto kusoma, na asijulikane nje ya jimbo lake.

Kongo ya Mwaka 1964

Ili kuelewa kifo chake ni sharti kuielewa Kongo ya wakati huo. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miezi michache baadaye Waziri Mkuu Patrice Lumumba alipinduliwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa. Wafuasi wake waliona kwamba uhuru ulikuwa umeporwa. Mwaka 1964 uasi ulizuka mashariki chini ya viongozi kama vile Gaston Soumialot na Christophe Gbenye. Mapema mwezi wa Agosti waasi waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ilikuwa mikononi mwao.

Wapiganaji hao walijiita Simba. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipuuza jina hilo, kwani Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya mawasiliano katika eneo hilo. Waganga waliwapa dawa na kuwaaminisha kwamba risasi za adui zingegeuka maji, imani inayokumbusha vita vya Majimaji vya Tanganyika vya mwaka 1905 hadi 1907. Dawa hiyo ilikuwa na miiko yake, na mmojawapo ulikuwa kutomgusa mwanamke. Uasi ulianza kwa malalamiko ya kweli dhidi ya serikali dhalimu, lakini kadiri siku zilivyosonga ndivyo miiko ilivyovunjwa na wasio na hatia walivyoteseka. Jeshi la serikali na askari mamluki waliolisaidia nao waliua raia wengi.

Nairobi haikuwa mbali na mambo hayo. Jomo Kenyatta alikuwa mwenyekiti wa kamati maalumu ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyoundwa kulishughulikia suala la Kongo. Tarehe 23 Novemba 1964 aliwakutanisha jijini Nairobi balozi wa Marekani nchini Kenya, William Attwood, na Thomas Kanza, mjumbe wa waasi. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Alfajiri ya kesho yake, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliangushwa Stanleyville na ndege za Marekani ili kuwaokoa mateka wa kigeni. Tarehe 26 Novemba waliushukia mji wa Paulis, ambao leo ni Isiro, wakawaokoa mamia ya wageni na kuondoka siku iliyofuata. Siku hiyo hiyo ya tarehe 26, huko Wamba, Askofu Joseph Wittebols aliuawa na Simba.

Ndege zilipoondoka, wenyeji waliachwa na waasi waliojaa hasira ya kushindwa. Watawa Waafrika wa Bafwabaka hawakuwa katika orodha ya yeyote ya watu wa kuokolewa.

Safari ya Isiro

Tarehe 29 Novemba lori la Simba lilifika Bafwabaka. Watawa waliambiwa kwamba wangepelekwa Wamba kwa usalama wao. Wote 46, wakiwamo wanovisi na wasichana waliokuwa bado katika malezi, walipakiwa. Njiani lori lilibadili mwelekeo na kushika njia ya Isiro, na watawa walilazimishwa kuvua alama zao za kitawa.

Walipofika Isiro walipelekwa katika nyumba ya Kanali Yuma Déo. Kutoka hapo wenzake walihamishiwa nyumba nyingine, lakini Anuarite alizuiliwa. Afisa mmoja, Kanali Ngalo, alikuwa ameamua kwamba huyo angekuwa mke wake. Alimbembeleza, na alipokataliwa akamtishia kifo. Anuarite alikataa tena na tena. Mama Léontine, aliyekuwa mkuu wao, alimtetea bila mafanikio. Watawa wengine nao hawakukaa kimya: walisusia chakula hadi mkuu wao aletwe. Kwa mgomo huo mdogo, Mama Léontine na Anuarite waliruhusiwa kujiunga nao. Walikula wali na samaki wa kopo katika sahani moja. Anuarite hakuweza kula. Aliwaonya wenzake wasiinywe pombe waliyopewa, akawaeleza kwamba yeye alikuwa tayari kufa.

Usiku ulipokuwa mkubwa, Ngalo alimwomba afisa mwenzake, Kanali Pierre Olombe, amsaidie kumpata. Olombe naye alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Alijaribu kumwingiza garini pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Aliporudi ndani kuchukua ufunguo, wanawake hao wawili walikimbia, lakini walikamatwa. Olombe aliwapiga kwa ukatili mkubwa. Bokuma alizirai, mkono wake ukiwa umevunjika mara tatu. Anuarite, katikati ya kipigo, alimwambia kwamba alikuwa amemsamehe kwa kuwa hakujua alitendalo. Maneno hayo yalimzidishia Olombe ghadhabu. Aliwaamuru Simba wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani. Watawa waliitwa waje kumchukua. Alikata roho mikononi mwao, yapata saa saba ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Zilikuwa zimesalia wiki nne tu atimize miaka 25.

Baada ya Kifo

Alizikwa katika kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye mwili wake ulifukuliwa, ukatambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwake. Masalia yake yalikuja kuhifadhiwa katika kanisa kuu la Isiro. Habari zake ziliweza kujulikana kwa sababu wenzake walinusurika na kushuhudia. Bila Bokuma na wale waliokula naye katika sahani moja, Anuarite angekuwa mmoja tu kati ya maelfu waliouawa wasitajwe.

Tarehe 15 Agosti 1985, jijini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupewa heshima hiyo. Wazazi wake walikuwapo. Olombe, ambaye alikuwa amehukumiwa na baadaye kuachiliwa, alikuwa angali hai, na Papa alitamka hadharani kwamba Kanisa linamsamehe kama Anuarite alivyomsamehe. Kutoka Kinshasa Papa alikuja Nairobi, na tarehe 18 Agosti aliadhimisha Misa ya kufunga Kongamano la Ekaristi la Kimataifa katika bustani ya Uhuru. Hivyo, waumini waliofurika katika bustani hiyo walimpokea mgeni aliyetoka kumtangaza binti wa Wamba siku tatu zilizotangulia.

Hitimisho

Mjadala kuhusu namna ya kumkumbuka Anuarite haujakwisha, na ni mjadala wenye uzito. Iwapo atasifiwa kwa sababu ya ubikira wake pekee, basi wanawake walionajisiwa katika vita hivyo, na katika vita vya mashariki mwa Kongo vilivyofuata, wataonekana kana kwamba walipungukiwa na kitu. Hilo lingekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Bokuma, aliyepigwa na kunusurika, hakuwa na ujasiri haba kuliko yule aliyekufa. Fauka ya hayo, msamaha wa Anuarite haukuifanya hatia ya Olombe kuwa ndogo: alisamehe huku akiendelea kukataa.

Maisha yake, yakisomwa tangu mwanzo, yanaonyesha uzi mmoja. Msichana aliyepanda lori bila ruhusa ndiye mtawa aliyebaki Bafwabaka mama yake alipomtaka arudi, na ndiye aliyekataa kuwa mke wa kanali. Katika kila hatua kulikuwa na mtu mwingine aliyedhani kwamba ana haki ya kumwamulia. Kila tarehe 1 Desemba, jumuiya zinazolibeba jina lake zinapomwadhimisha somo wao katika vyumba vya Eastlands, huwamo mabinti ambao nao huamuliwa mengi na wengine. Inafaa wasimuliwe habari za lori lile la kwanza, si za bunduki ya Isiro pekee.