Edsger Dijkstra: Mholanzi aliyefundisha kompyuta kusubiri zamu

Simu uliyoishika sasa inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Inapiga redio, inapokea ujumbe na kupima chaji iliyobaki. Kazi hizo hufanywa na programu mbalimbali, na mara nyingine programu mbili hutumia sehemu moja ya kumbukumbu. Kwa nini hazivurugani? Leo tunamwangalia Edsger Dijkstra, mtu aliyetafuta jibu kabla simu hizi hazijakuwepo.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia, na mama yake alisomea hisabati. Dijkstra alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, na mwaka 1952 akaanza kazi ya kuandika programu katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam.

Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno. Alipofunga ndoa na Ria Debets mwaka 1957, alitaja kazi yake kuwa mwandishi wa programu. Maofisa wa mji walikataa, wakisema hakuna kazi ya namna hiyo. Cheti kikaandikwa kwamba ni mwanafizikia.

Daftari moja, makarani wawili

Mwaka 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati. Huko, pamoja na timu ndogo, alitengeneza mfumo wa kuendesha programu kadhaa kwa pamoja katika kompyuta moja. Hapo ndipo tatizo la kutumia kumbukumbu moja lilipomkabili.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Daftari linasomeka shilingi 50,000. Makarani wawili wanalisoma kwa wakati mmoja. Wa kwanza amepokea 10,000, anaandika 60,000. Wa pili amepokea 5,000, lakini kichwani bado ana ile 50,000 aliyoisoma mwanzo, kwa hiyo anafuta na kuandika 55,000. Kikundi kilipaswa kuwa na 65,000. Shilingi 10,000 za mwanachama zimepotea, na hakuna mwizi wala asiyejua kujumlisha.

Kompyuta nayo hupotea hivyohivyo. Ubaya ni kwamba kosa halitokei kila siku. Programu inaweza kujaribiwa mara 100 ikafanya kazi vizuri, kisha ikaharibu hesabu siku ambayo kazi mbili zimegongana.

Ishara ya reli

Dijkstra aliazima wazo kutoka reli. Penye njia moja, treni husubiri mpaka ishara ionyeshe kwamba njia ni nyeupe. Chombo chake alikiita semafo, jina la ishara hiyo ya reli.

Semafo ni namba tu. Programu inayotaka kugusa kumbukumbu ya pamoja kwanza hupunguza namba hiyo kwa moja. Ikiikuta ni sifuri, maana yake kuna mwenzake ndani, nayo husubiri. Anayemaliza huiongeza namba, na anayesubiri huamshwa. Siri yake ni kwamba kuitazama namba na kuipunguza hufanyika kama tendo moja, bila mwingine kuingilia katikati.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya C huko Marekani. Hadi leo, waandishi wa programu kwa lugha hiyo wanaweza kuomba kipande kimoja cha kumbukumbu kitumiwe na programu mbili, kisha wakakilinda kwa semafo. Njia hii ni ya haraka, kwa sababu taarifa hainakiliwi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Lakini semafo ni makubaliano, haina kufuli. Kumbukumbu hiyo haimzuii programu aliyepita bila kusubiri. Akipita, ataharibu hesabu za wote. Na aliyeingia akisahau kutoa ishara wakati wa kutoka, wengine watasubiri bila mwisho. Dijkstra aliziona hatari hizo, ndiyo maana alisisitiza kwamba programu ifikiriwe na kuthibitishwa kabla ya kuendeshwa. Kujaribu peke yake hakukumtosha.

Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika fani ya kompyuta. Kuanzia mwaka 1984 alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Pamoja na ujuzi wake wote wa kompyuta, aliendelea kuandika makala zake kwa kalamu ya wino; zilifika zaidi ya 1,300. Alifariki nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti 2002, akiwa na umri wa miaka 72.

Kazi ambayo maofisa wa Amsterdam walisema haipo, leo inaajiri watu duniani kote. Nasi tunapotuma ujumbe huku redio ikiendelea kulia kwenye simu ileile, ndani yake kuna programu zinazosubiriana zamu.